Mtafiti wa Perege

Newala ni mji wa ukingoni. Ukisimama Shimo la Mungu, ardhi inakatika ghafla mbele yako na bonde la Ruvuma linatandaa chini kabisa, Msumbiji ikiwa ng'ambo. Huku juu, kwenye uwanda wa Makonde, hakuna mto. Mvua inanyesha ya kutosha kustawisha mikorosho na mihogo, lakini mchanga unainywa yote, na maji hujitokeza tena chini mabondeni kwenye chemchemi. Vizazi kwa vizazi vya wanawake wa hapa vimeshuka na kupanda miteremko hiyo na mitungi kichwani. Karl Weule, Mjerumani aliyepita Masasi na Newala mwaka 1906, aliandika masimulizi aliyoyakuta: kwamba wazee wa Wamakonde walikuwa wameusia watoto wao wakae juu, mbali na mabonde na maji makubwa, kwa sababu huko chini kuna maradhi na vifo vya watoto.

Kwa hiyo samaki wa Newala ni samaki wa safari. Ng'onda na dagaa hupanda kutoka Mtwara na Lindi. Kambare na perege waliobanikwa hupanda kutoka Ruvuma. Masasi hali ni hiyo hiyo, ila wao wako karibu zaidi na bonde la Lukuledi, mto unaoteremka kwenda kumwaga maji yake Lindi. Anayezungumzia elimu ya samaki wa maji baridi hapa nchini huwataja watu wa Mwanza, Kigoma na Kyela, na sisi wa Kusini tunasikiliza tu.

Nadhani hilo limetugharimu. Kati ya mwaka 2013 na 2016 watafiti walivua perege katika maziwa madogo yaliyo nyuma ya Lindi: Rutamba, Nambawala na Mitupa. Walipomkagua vizuri waliona kwamba anafanana na samaki aliyekuwa akijulikana kaskazini ya mbali tu, huko Tanga, zaidi ya kilomita 500. Jina lake la kisayansi ni Oreochromis korogwe. Aliyempa jina hilo, mwaka 1955, alikuwa mwanamke wa Kiingereza ambaye wakati huo serikali iliyomwajiri ilikuwa imeshamwondoa kazini kwa kosa la kuolewa.

Rosemary Lowe, ambaye rafiki zake walimwita Ro, alizaliwa Liverpool tarehe 24 Juni 1921. Akasoma zoolojia katika Chuo Kikuu cha mji huo huo, na wakati wa Vita Kuu ya Pili alipata kazi kwenye kituo cha utafiti cha Windermere, kaskazini mwa Uingereza. Kazi yake ilihusu mikunga, wale samaki warefu kama nyoka wanaoishi kwenye maji baridi miaka mingi kisha usiku mmoja wa giza na mvua huanza safari ya kwenda baharini kuzaliana. Yeye alitaka kujua nini kinawaambia kwamba saa imefika. Hiyo ndiyo kazi iliyomfundisha kukesha mtoni na kuhesabu samaki kwa mkono.

Mwaka 1945, vita vilipokwisha, Wizara ya Makoloni ilimtuma Ziwa Nyasa. Huko wavuvi wa kibiashara walikuwa wameanza kutumia nyavu kubwa kuvua chambo, jamii ya perege wa ziwa hilo, na serikali ilikuwa na wasiwasi kwamba samaki wataisha kabla mtu hajajua wanazaliana lini na wapi. Hakuwa mwanamke wa kwanza kutumwa kazi ya namna hiyo. Kabla ya vita Kate Ricardo na Janet Owen walikuwa wamechunguza samaki wa Ziwa Rukwa na Bangweulu, na mwaka 1939 Ricardo, ambaye baadaye alijulikana kama bibi Bertram, alifika Nyasa pamoja na Ethelwynn Trewavas wa Makumbusho ya Uingereza. Sijui fani nyingine ya sayansi ya enzi ile katika Afrika Mashariki iliyobebwa na wanawake kwa kiasi hicho, na inashangaza jinsi inavyotajwa mara chache.

Ziwa Nyasa halikuwa geni kwa watu wa Masasi. Chauncy Maples, mmisionari wa Kianglikana wa shirika la UMCA aliyeishi Masasi hadi Magwangwara, yaani Wangoni, walipoivamia mwaka 1882, kisha akahamia Newala, alizama katika ziwa hilo Septemba 1895, muda mfupi baada ya kufanywa askofu. Meli ya misheni iliyopewa jina lake ilikuwa bado inasafiri ziwani wakati Ro Lowe anavua. Njia ya kutoka Lindi kupitia Masasi hadi Nyasa ilikuwa ya watumwa, kisha ya wamisionari. Wanasayansi wa samaki hawakuipita. Wao waliingia kwa upande wa Nyasaland, Malawi ya leo, na hivyo Kusini yetu ikabaki pembeni.

Alichokifanya Nyasa ndicho kilichomjenga. Chambo waliokuwa wakipimwa kama samaki mmoja yeye aliwatenganisha. Ukiwakuta kwenye chupa za pombe katika makumbusho wote ni rangi moja ya kahawia, na hata kwenye tenga la mchuuzi rangi imeshafifia. Lakini dume aliye tayari kuzaa, akitolewa majini muda huo huo, ana rangi yake: mmoja mweusi, mwingine wa samawati iliyopauka. Kila dume huchimba kiota chake mchangani na kukilinda. Jike huja, hutaga, kisha hapo hapo huyakusanya mayai yote kinywani mwake na kwenda nayo, na atayatunza humo mpaka yaanguliwe na vifaranga waweze kujitegemea, yeye mwenyewe akiwa hali au anakula kidogo sana. Chambo dume ana hata kishada kirefu kinachoning'inia chini ya tumbo wakati wa kuzaliana, ambacho jike hukidonoa anapookota mayai.

Ro Lowe aliona kwamba kila aina ina msimu wake, kina chake cha maji na mahali pake pa kuchimba. Wavuvi walikuwa wakilijua hilo, kwa maana walikuwa na majina tofauti ya samaki hao, na majina yao ndiyo yaliyoingia kwenye vitabu: mmoja ni lidole, mwingine ni saka. Ripoti yake ya Nyasa ilichapwa na serikali mwaka 1952 na imekuwa ikirejewa tangu hapo na kila anayesimamia uvuvi wa ziwa hilo.

Kutoka Nyasa alikwenda Jinja. Shirika la utafiti wa uvuvi la Afrika Mashariki lilianzishwa huko mwaka 1947, likiongozwa na Robert Beauchamp, na Ro Lowe alijiunga mwaka uliofuata. Ziwa Victoria lilikuwa na shida inayofanana na ya Nyasa. Michael Graham alikuwa amelichunguza mwaka 1927 na 1928, akakuta ngege, perege wa asili wa ziwa hilo, anapungua, akashauri nyavu zenye macho madogo ya chini ya inchi 5 zipigwe marufuku. Miaka 20 baadaye ngege alizidi kupungua. Ro Lowe alichunguza jinsi ngege na mwenzake mbiru wanavyozaliana, wanakua kwa kasi gani, na wanakula nini.

Wakati huo huo serikali za makoloni zilikuwa zimepata wazo jipya, nalo ni mabwawa. Mwaka 1949 Tanganyika ilianza majaribio ya kufuga perege Korogwe na Malya. Nia ilikuwa nzuri: vijiji vya bara vilikosa kitoweo, na perege hukua upesi, hula majani na mwani, hazai kwa mashaka. Swali lilikuwa perege yupi. Hapo ndipo mtu aliyejua kutofautisha perege alipohitajika, na hilo ndilo lililomfikisha Ro Lowe kwenye Ziwa Jipe na mto Pangani, akakuta kwamba wale samaki waliokuwa wakiitwa perege tu ni aina kadhaa, na baadhi yao hawajawahi kuandikwa popote duniani.

Aliwapima kama alivyozoea. Idadi ya magamba ubavuni, idadi ya miiba ya pezi la mgongoni, urefu wa taya, meno ya kooni, na juu ya yote rangi ya dume akiwa hai. Kisha ukaja mwaka 1953, akaolewa na Richard McConnell, mwanajiolojia. Kanuni za utumishi wa makoloni zilimtaka mwanamke anayeolewa ajiuzulu. Mwanamume aliyeoa hakuguswa na kanuni hiyo. Akajiuzulu. Alikuwa na umri wa miaka 32 hivi, mtu aliyewajua perege wa Afrika Mashariki wakiwa hai kuliko mwingine yeyote.

Makala ya Pangani ilitoka mwaka 1955 katika jarida la Makumbusho ya Uingereza. Ina kurasa ishirini hivi. Humo yumo perege wa Jipe, perege wa Pangani, na yule mdogo wa Korogwe. Nimekaa na makala hiyo nikifikiria mwandishi wake: hana ofisi, hana mshahara, na bado anahesabu miiba ya samaki mdogo wa Tanganyika kwa uangalifu ule ule. Hakuna aliyemlazimisha kuimaliza.

Mume wake alipopelekwa British Guiana, yeye alikwenda naye na akaanza upya na samaki wa Amerika Kusini, baharini na kwenye mbuga za Rupununi. Baadaye walirudi Uingereza wakakaa Sussex, na kwa miaka mingi Ro alifanya kazi Makumbusho ya Uingereza, huko London, bila kulipwa. Aliandika vitabu viwili vikubwa juu ya jamii za samaki wa nchi za joto, mwaka 1975 na 1987, ambavyo vimesomeshwa vyuoni kote duniani. Mwaka 1982 alihariri pamoja na Roger Pullin kitabu cha ufugaji wa perege. Mwaka 1997 Linnean Society ya London ilimpa medali yake. Alifariki tarehe 22 Desemba 2014.

Lakini mimi nataka kurudi Makumbusho, kwa sababu ndani ya jengo lile ndiko Kusini yetu ilikokumbukwa. Ethelwynn Trewavas, aliyezaliwa mwaka 1900, alikuwa hapo tangu ujana wake na aliendelea kuja kazini miaka mingi baada ya kustaafu. Perege wote waliovuliwa Afrika na kutumwa London walipita mikononi mwake. Mwaka 1966 alichapisha mapitio ya perege wa mito ya Afrika inayomwaga maji mashariki, na humo yumo samaki aliyempa jina la Ruvuma: Oreochromis placidus ruvumae, kama anavyoandikwa leo. Huyo ndiye perege wa bonde linaloonekana kutoka Newala. Mwaka 1983 Trewavas alitoa kitabu chake kikubwa cha perege wa Afrika, na hadi leo mtu akitaka kujua perege aliyeshika mkononi ni nani huanzia hapo.

Katika makala ile ile ya 1966 alimpa jina perege mwingine, wa mto Wami, ambaye alikuwa ameshapelekwa Zanzibar. Habari zake zinafaa kusimuliwa. Kutoka Zanzibar samaki hao walichukuliwa hadi Malacca, Malaya, na huko mtaalamu aitwaye Hickling akapandisha madume yao kwa majike ya aina nyingine. Watoto wote wakazaliwa madume. Kwa mfugaji hiyo ni neema, maana tatizo kubwa la bwawa la perege ni kuzaana mno hadi wote wanadumaa. Hickling alitangaza matokeo yake mwaka 1960, na ufugaji wa perege duniani ukachukua njia mpya. Samaki wa mto wa Tanzania, asiyetazamwa na mtu, alikuwa na kitu ambacho hakuna aliyekijua mpaka alipojaribiwa.

Nchini kwetu wakati huo mabwawa yaliongezeka kwa haraka. Kufikia mwaka 1968 yalikuwa yakihesabiwa kufika 8,000, mengi madogo kama chumba, na mengi yalikauka au yalitelekezwa kwa ukosefu wa utunzaji na kwa ukame. Samaki waliowekwa humo hawakutelekezwa pamoja nayo. Mvua kubwa ikija bwawa hufurika, na aliyekuwa bwawani anaingia kijito, kutoka kijito anaingia mto. Tena samaki wengine walimwagwa ziwani na mtoni kwa makusudi, kwa matumaini ya kuongeza kitoweo. Katika Ziwa Victoria perege mgeni aitwaye sato alipandikizwa miaka ya 1950, sangara naye akaletwa, na ngege na mbiru ambao Ro Lowe aliwachunguza Jinja leo karibu hawapatikani katika ziwa lenyewe. Wamebaki kwenye maziwa madogo ya pembeni.

Sato ni samaki mzuri. Anakua haraka kuliko karibu perege wote, anauzika, na amelisha watu wengi. Simlaumu mfugaji wa Masasi anayemtaka. Ubaya wake uko kwenye jambo moja: akikutana na perege wa mahali, anazaa naye. Chotara wanazaliwa wazima, na wao wanazaa tena. Baada ya vizazi kadhaa yule wa asili haonekani tena, na hakuna siku ambayo mtu angeweza kusema ndiyo siku alipokufa.

Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania, TAFIRI, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1980, ndiyo iliyokuja kuifanya kazi ambayo haikuwa imefanywa: kuzunguka nchi nzima na kuuliza perege yupi yuko wapi. Kati ya mwaka 2011 na 2017 watafiti wake, miongoni mwao Benjamin Ngatunga na Asilatu Shechonge, wakishirikiana na George Turner wa Chuo Kikuu cha Bangor na Martin Genner wa Chuo Kikuu cha Bristol, walivua na kutambua perege katika maeneo 123. Walikuta aina 14 ambazo bado zimo kwenye maji yao ya asili tu, na aina tatu zilizotawanywa na watu nje ya makwao. Mwaka 2018 Genner, Turner na Ngatunga walitoa mwongozo wa perege wa Tanzania, wenye picha, ambao afisa uvuvi wa wilaya anaweza kuushika mkononi akiwa ufukweni.

Ni katika mzunguko huo ndipo walipofika Rutamba, Nambawala na Mitupa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021. Walipima maumbile ya samaki kama Ro Lowe alivyopima, kisha wakaongeza kile ambacho yeye hakuwa na njia ya kukiona, yaani vinasaba. Walilinganisha perege wa Kusini na wa Kaskazini, wale wa mto Zigi na bwawa la Mlingano. Hesabu yao inaonyesha kwamba makundi hayo mawili yaliachana kiasi cha miaka 140,000 iliyopita. Hivyo perege wa Kusini hakuletwa na afisa wa kikoloni kwenye pipa, wala na mmisionari. Alikuwa Kusini muda mrefu kabla Wamakonde hawajapanda uwanda wao na kuuita kwao. Watafiti wanashauri atazamwe kama kundi la kulindwa kivyake.

Na katika maziwa yote matatu walikuta chotara wake na sato.

Nikisoma makala hiyo naumia kwa namna isiyo ya kawaida kwa habari ya samaki. Mtu aliyeweza kumtambua, kwa jicho tu, alikuwepo tangu mwaka 1955, na alikuwa na zaidi ya miaka 90 watafiti walipoanza kumfikia samaki huyo. Miaka karibu sitini ilipita bila yeyote kutia wavu Rutamba akiwa na makala ya Pangani mkononi. Sato alitangulia. Kama mzunguko kama ule wa 2011 ungefanyika wakati Ro Lowe alipokuwa Jinja, au hata wakati TAFIRI ilipoundwa, pengine vifaranga wa sato wasingepelekwa kwenye maziwa hayo, au angalau aliyewapeleka angejua anachokifanya.

Haikuwa lazima iwe hivyo. Reli ya Tanga ilipita Korogwe, na kituo cha kufugia samaki kilikuwa hapo. Kwa hiyo Korogwe ilipata mtafiti, na samaki akapata jina la Korogwe. Lau kituo kile cha mwaka 1949 kingejengwa Lindi au Masasi, huenda leo angeitwa kwa jina la Rutamba, na watu wa Korogwe ndio ambao wangeshangaa kuambiwa kwamba wanaye.

Lililobaki kwa sasa linahusu bonde la Ruvuma zaidi kuliko Rutamba. Mfugaji wa Masasi au Newala akiomba vifaranga, mara nyingi atakachopewa ni sato, kwa sababu huyo ndiye anayezalishwa kwa wingi. Kila bwawa linalochimbwa kwenye mteremko unaoelekea Ruvuma liko juu ya maji ya perege wa Trewavas. Kwa maoni yangu halmashauri zetu zinapaswa kuuliza, kabla ya kupokea vifaranga kutoka popote, kama perege wa Ruvuma mwenyewe hawezi kuzalishwa na kufugwa. Na swali hilo haliwezi kujibiwa na mtu aliye Dar es Salaam peke yake. Linahitaji mtu wa kukaa mtoni msimu mzima, aone dume anabadilika rangi lini, anachimba kiota kina gani, na jike anabeba mayai mangapi. Vifaa vinavyohitajika kwa sehemu kubwa ya kazi hiyo ni wavu, rula, mzani, daftari, na subira ya kuwauliza wavuvi wa Ruvuma majina wanayowaita samaki wao.